Farasi Asiyekufa: Uhalisia wa Wapanda Farasi katika Gemu za Vita, Ukitazamwa kutoka Iringa na Mbeya

Utangulizi

Neno "uhalisia" limetoka darasani likaingia vijiweni. Mtu akipita jioni kwenye vibanda vya gemu vya Mwanjelwa jijini Mbeya, au Miyomboni mjini Iringa, atakuta kelele nyingi ni za mpira. Lakini akikaa kidogo na vijana wenye kompyuta mabwenini atasikia habari nyingine: gemu za vita vya kale, zenye mikuki, ngao na farasi. Sifa kubwa inayotolewa kwa gemu ya namna hiyo ni kwamba "ina uhalisia, bwana." Ukiuliza uhalisia huo uko wapi, utaambiwa habari ya manyoya yanayomeremeta, misuli inayotetemeka, na vumbi linalotimka chini ya kwato.

Makala haya yanakusudia kulichukua neno hilo na kulirudisha kwenye mizani ya uhakiki. Tutajiuliza: je, farasi wa kwenye gemu ni halisi kwa kiasi gani, na mapigano yake ni halisi kwa kiasi gani? Na kwa kuwa sisi tunasomea Nyanda za Juu Kusini, nchi ambayo vita vyake vikubwa vya karne ya 19 vilipiganwa kwa miguu, tutajiuliza pia swali ambalo halimsumbui sana mhakiki wa Ulaya: je, kutokuwepo kwa farasi nako si sehemu ya uhalisia?

Wapo watakaosema kwamba gemu si fasihi, kwa hiyo haituhusu. Hoja hiyo haina miguu ya kusimamia. Gemu ina mtunzi, ina wahusika, ina mandhari, ina mgogoro, na ina hadhira. Tena hadhira yake inashiriki katika tendo, jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa fasihi simulizi analifahamu. Aidha, farasi wa kubuni si mgeni katika fasihi ya Kiswahili. Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728 na Mwengo wa Athumani, unasimulia vita vya Waislamu wa mwanzo na majeshi ya Herekali, na farasi wamo tele. Msikilizaji wa Pate, aliyezoea jahazi na punda, alipanda farasi kwa masikio. Kijana wa leo anampanda kwa vidole. Kazi ya ubunifu ni ileile, na maswali ya mhakiki ni yaleyale.

Uhalisia wa aina mbili

Mwaka 1888 Friedrich Engels alimwandikia barua mwandishi wa riwaya wa Kiingereza, Margaret Harkness. Katika barua hiyo alitoa hoja ambayo imetajwa sana katika uhakiki wa kwetu. Tukiieleza kwa maneno yetu, hoja ni kwamba haitoshi vipengele vidogovidogo vya kazi viwe vya kweli. Yatakiwa pia wahusika wawe wakilishi wa tabaka na zama zao, na mazingira yanayowasukuma yawe wakilishi vilevile. Riwaya inaweza kueleza kwa usahihi vifungo vya koti la mhusika, na bado ikatudanganya kuhusu maisha yake.

Tukiihamishia hoja hii kwenye gemu, tunapata uhalisia wa aina mbili. Kwanza kuna ukweli wa vipengele: umbo la farasi, mwendo wake, sauti ya kwato, jinsi hatamu inavyoshikwa. Pili kuna ukweli wa mazingira: farasi anakula nini, anaogopa nini, anachoka lini, anaugua nini, anagharimu kiasi gani, na akifa ni nani anaubeba mzigo wake.

Msimamo wa makala haya ni kwamba gemu zimekwenda mbali sana katika ukweli wa kwanza, na katika ule wa pili zimefika nusu ya njia tu. Pale zinapoishia ndipo uongo unapoanza. Tukitaka kipimo kifupi cha kukumbuka, basi ni hiki: farasi halisi ni yule anayeweza kukugharimu.

Farasi mwenyewe na vita vyake

Kabla ya kuzihukumu gemu, hebu tumtazame mnyama mwenyewe. Wengi wetu tumekua na ng'ombe, mbuzi na punda. Farasi tumemjua kwa picha.

Jambo la kwanza ni tumbo. Farasi wa kupandwa mwenye uzito wa kilo 450 au 500 anahitaji kama kilo 8 hadi 10 za majani makavu kwa siku, na maji lita 20 hadi 40, na zaidi kukiwa na joto na kazi. Piga hesabu mwenyewe: farasi 100 wanataka karibu tani nzima ya chakula kila siku. Jeshi la farasi lilikuwa ni jeshi la kutafuta majani na maji kabla halijawa jeshi la kupigana.

Jambo la pili ni mwendo. Farasi hutembea, huenda matiti, na hupiga shoti. Akipiga shoti anaweza kufikia kilometa 40 kwa saa na zaidi, lakini hawezi kuendelea hivyo kutwa. Baada ya kilometa chache pumzi inakwisha. Kwa sababu hiyo wapanda farasi wa vitani walitumia saa nyingi kwenda polepole, na mara kwa mara walishuka wakatembea kwa miguu ili kuwapumzisha wanyama. Shoti iliwekewa akiba ya dakika za mwisho, adui akiwa karibu.

Jambo la tatu ni hofu. Farasi ni mnyama anayewindwa, na silaha yake aliyopewa na maumbile ni kukimbia. Hapendi kujitupa kwenye ukuta wa watu waliosimama imara na kuelekeza ncha za chuma usoni pake. Atasita, atageuka, au atasimama kwa miguu ya nyuma. Siku ya Waterloo, mwaka 1815, wapanda farasi wa Ufaransa waliyavamia mara nyingi makundi ya askari wa miguu wa Uingereza na washirika wao, waliojipanga kwa umbo la mraba huku singe zikitazama nje. Mraba haukuvunjika. Nguvu ya farasi vitani ilikuwa kwa sehemu kubwa nguvu ya kutisha: askari wa miguu akiogopa na kuvunja safu, amekwisha, akisimama, farasi ndiye anayekuwa na tatizo.

Jambo la nne ni mpandaji. Pigo la mkuki kutoka juu ya farasi halitoki mkononi. Mpandaji huubana mkuki kwapani, akaegemea tandiko, miguu ikiwa imekazwa kwenye vikuku vya kukanyagia, na uzito na kasi ya mnyama ndivyo vinavyopiga. Mpandaji asiye na mafunzo ya muda mrefu huanguka yeye kabla ya adui.

Gemu zinavyomtendea farasi

Sasa tuzitazame kazi zenyewe. Tumechagua chache zinazojulikana, na tumezipanga kwa hoja badala ya miaka.

Age of Empires II, iliyotoka mwaka 1999, ina farasi mdogo kama punje. Ukitafuta manyoya na misuli hutaviona. Lakini tazama hesabu yake. Askari mzito wa farasi anagharimu chakula 60 na dhahabu 75. Askari wa mkuki anagharimu chakula 35 na kuni 25, wala hahitaji dhahabu, na amepewa nguvu ya ziada dhidi ya farasi. Kwa hiyo mchezaji anajifunza jambo la kweli: farasi ni silaha ya mwenye mali, na mkuki ni jibu la asiye na mali. Huo ni ukweli wa mazingira uliosemwa kwa tarakimu. Upungufu wake ni kwamba farasi akishanunuliwa hali tena. Hana njaa wala kiu.

Mount & Blade: Warband, ya mwaka 2010, iliundwa na kampuni ya TaleWorlds ya Ankara, Uturuki. Hapa mchezaji yuko juu ya mgongo wenyewe. Kasi ya farasi inaongeza nguvu ya pigo, na farasi akifikia mwendo wa kutosha, mkuki unashuka wenyewe na kubanwa kwapani. Farasi akichomwa kwa mkuki kutoka mbele husimama kwa miguu ya nyuma, na mpandaji anabaki hapo kama boya, akisubiri kuvamiwa. Farasi aliyeangushwa vitani anaweza kutoka na kilema. Haya yote ni mazuri na yanaonyesha kuwa watunzi walifikiri. Lakini farasi huyohuyo anaweza kupiga shoti tangu mwanzo wa pigano hadi mwisho bila kuhema, na chakula cha msafara kinahesabiwa kwa vichwa vya watu tu. Kwa maneno mengine, ukweli upo katika sekunde ya kugongana, lakini haupo katika siku iliyotangulia.

Red Dead Redemption 2, ya mwaka 2018, ndiyo ambayo vijana wengi wanaitaja wakisema uhalisia. Mchezaji anamlisha farasi, anampiga brashi, anajenga naye imani kwa ngazi. Farasi anashtuka akiona nyoka. Akipigwa risasi na ukakosa dawa ya kumwamsha, anakufa moja kwa moja. Wapo wachezaji wanaosikitika kweli. Kwa kipimo chetu gemu hii imepiga hatua kubwa, kwa kuwa imeweka gharama mbili, muda na huzuni. Hata hivyo gharama hizo ni za mtu mmoja. Farasi akifa, mchezaji anatafuta mwingine na hadithi inaendelea. Hakuna jamii inayoyumba kwa sababu ya kifo hicho.

Kingdom Come: Deliverance, nayo ya mwaka 2018, kutoka Jamhuri ya Cheki, inasimulia Bohemia ya mwaka 1403. Pamoja na kasi, stamina na uwezo wa kubeba mizigo, farasi wake amepewa sifa ya ujasiri inayopimwa kwa tarakimu. Farasi mwoga anaweza kukutupa chini kwenye vurugu. Hapa mtunzi amekiri kwamba vita vya farasi vina akili mbili, ya mpandaji na ya mnyama, na akili hizo huweza kutofautiana. Hoja hiyohiyo ilikuwa imetolewa kwa njia nyingine na Shadow of the Colossus, gemu ya Japani ya mwaka 2005. Humo farasi aitwaye Agro haitikii hatamu papo hapo, bali huchelewa kidogo na kujichagulia njia. Vijana wengine waliona ni kasoro ya gemu. Kumbe ndiyo hasa ilikuwa fani yake: ulikuwa unapanda kiumbe, si pikipiki.

Tunapata funzo gani? Farasi mzuri kwa macho si lazima awe farasi halisi. Punje ya Age of Empires II inasema ukweli fulani ambao picha za gharama hazikuusema. Na kuna jambo moja ambalo halibebi uzito katika gemu yoyote kati ya hizi tano: nchi yenyewe. Gemu hizi zinachukulia kwamba farasi anaweza kuishi popote palipo na ardhi. Ulaya ya Kati dhana hiyo haina madhara makubwa. Kwetu ina madhara, na sababu yake inafaa kuelezwa kwa kirefu.

Nyanda za Juu Kusini: farasi asiyekuwepo

Katika karne ya 19 Wahehe chini ya Munyigumba, na baadaye mwanawe Mkwawa, walijenga dola lenye nguvu ya kijeshi. Walipigana na Wasangu upande wa Usangu, na walipigana na Wangoni waliotoka kusini. Vita vyote hivyo vilikuwa vya miguu, mikuki na ngao. Ng'ombe walikuwepo kwa wingi, na ndio waliokuwa mali na fahari. Je, kwa nini watu hodari namna hiyo hawakuwa na farasi?

Jibu halitoki kwenye akili za watu. Linatoka kwa wadudu wawili. Wa kwanza ni mbung'o, ambaye wengi humwita ndorobo. Huyu huambukiza ugonjwa wa nagana, na farasi ni miongoni mwa wanyama wanaoangamizwa haraka na ugonjwa huo. Wa pili ni usubi, mdudu mdogo anayeeneza maradhi ya farasi ya Afrika, hasa majira ya mvua na joto. Farasi mgeni akiyapata maradhi hayo, mara nyingi haponi. Uwanda wa juu wa Iringa wenyewe, wenye baridi na majani, si mahali pabaya kwa mifugo. Tabu ni njia. Kutoka pwani mpaka Uhehe lazima uvuke mapori ya mabondeni, na mapori hayo yalikuwa ya mbung'o. Masultani wa Zanzibar waliweka farasi wa Kiarabu katika majumba yao, wakiwa wameletwa kwa vyombo vya baharini. Misafara ya bara, kwa upande wake, ilikwenda kwa miguu na vichwa vya wapagazi.

Sasa tuje Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891. Msafara wa Wajerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski, wenye askari zaidi ya 300, wapagazi na mizinga, uliingia kwenye mtego wa Wahehe wapatao 3,000 walioongozwa na Mpangile, ndugu yake Mkwawa. Wahehe walikuwa wamejificha vichakani kando ya njia. Walipotoka, umbali ulikuwa mfupi mno kiasi kwamba bunduki hazikupata nafasi. Zelewski na Wajerumani wengine 9 waliuawa, pamoja na askari wengi wa msafara.

Angalia wanyama walikuwa wapi katika tukio hili. Zelewski hutajwa katika masimulizi akiwa juu ya punda. Mizinga ilikuwa imefungwa migongoni mwa punda. Taarifa za upande wa Wajerumani walionusurika zinataja punda hao walioshtuka na kukimbilia katikati ya askari wao wenyewe, wakavuruga safu. Yaani ile hofu ya mnyama tuliyoieleza hapo juu ilikuwepo Lugalo, ila haikuwa ya farasi, na iliwafanyia kazi Wahehe. Ushindi ule ulitokana na mambo matatu: kuijua ardhi, kunyamaza, na mbio za miguu za watu waliokuwa na nidhamu. Ukimweka farasi hapo, mtego wote unaharibika. Farasi wanahema, wanalia, wananuka, wanahitaji maji. Watu 3,000 hawafichiki kichakani na farasi wao.

Miaka 25 baadaye farasi walikuja kwa wingi, na nchi ikatoa jibu lake. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1916, majeshi ya Jenerali Smuts yaliingia na maelfu ya wapanda farasi kutoka Afrika Kusini. Brigedi ya van Deventer ilikwenda mbio kutoka Arusha hadi Kondoa Irangi katika mvua za Aprili, na ilifika huku farasi wake wakiwa wamepungua mno. Kati ya katikati ya Septemba na katikati ya Novemba 1916 peke yake, walikufa farasi 10,000, nyumbu wa mizigo 10,000, ng'ombe wa kukokota 11,000 na punda 2,500. Hiyo ni miezi miwili tu, ndugu msomaji, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi.

Farasi walipokufa, vita havikusimama. Mzigo ulihamia kichwani kwa mtu. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, Jenerali Northey aliingia kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, akapigana Malangali tarehe 24 Julai 1916, na kuichukua Iringa tarehe 29 Agosti mwaka huohuo. Chakula na risasi za safu zake zilifika kwa wapagazi, wale walioitwa tenga-tenga. Kwa upande wa Waingereza pekee, wapagazi waliokufa katika vita vya Afrika Mashariki wanahesabiwa kuwa zaidi ya 95,000. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya jeshi hilo la wabeba mizigo. Hapa ndipo kile kipimo chetu cha gharama kinapopata maana yake kamili. Farasi wa 1916 alikuwa na gharama, na gharama hiyo ililipwa na mtu.

Je, tukiunda gemu ya Lugalo?

Swali hili si la mzaha. Vijana wa kompyuta wapo katika vyuo vya Mbeya na Iringa, na zana za kuundia gemu siku hizi zinapatikana bure. Iko siku mmoja wao atataka kumweka Mkwawa kwenye skrini, kama Mulokozi alivyomweka jukwaani katika tamthiliya ya Mukwava wa Uhehe (1979). Na kishawishi cha kwanza kitakuwa farasi. Kila shujaa wa gemu anaye, kwa nini wetu akose? Mtwa apande farasi mweupe, ateremke kilimani, adui akimbie. Itapendeza machoni.

Sisi tunasema itapendeza na itatupokonya. Itakuwa imesema kwamba ushujaa una sura moja tu, ile ya mpanda farasi wa Ulaya au Uarabuni, na kwamba Mhehe anastahili heshima pale tu anapofanana na mtu huyo. Itakuwa imefuta akili ya kijeshi iliyoshinda siku ile, yaani mipango ya watu wa miguu waliojua kichaka chao. Na itakuwa imewafuta tenga-tenga, kwa sababu palipo na farasi asiyekufa hapahitajiki mpagazi. Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Sasa sisi tukiwamba ngoma yetu na kuvutia ngozi kwa wenzetu, tutamlaumu nani?

Kinyume chake, hebu fikiria gemu inayotii nchi. Mchezaji akiongoza msafara wa kikoloni, wanyama wake wanaanza kudhoofu akipita pori la mbung'o, naye analazimika kuchagua: azunguke kwa wiki mbili, au aendelee na kuwatwisha watu mizigo, kisha awalishe kwa chakula asichokuwa nacho. Mchezaji akiwa upande wa Wahehe, silaha yake kubwa ni ukimya. Kadiri anavyowaweka watu wengi karibu na njia, ndivyo ilivyo vigumu kuwafanya wasitikisike mpaka ishara itolewe. Gemu hiyo ingekuwa na uhalisia mkubwa hata kama picha zake zingekuwa za kawaida. Na kwa mwendo wa wanyama, mbunifu hana haja ya kwenda mbali. Punda na maksai wa Usangu na Mbozi wapo, wanatosha kumfundisha jinsi mnyama anavyosita, anavyochoka na anavyokataa.

Hoja za upande wa pili

Wapo watakaopinga, na hoja zao zinastahili kujibiwa. Hoja ya kwanza ni kwamba gemu ni burudani. Ukiweka njaa, maradhi na uchovu, nani atacheza? Jibu liko barazani. Bao halina picha hata moja, ni mashimo na kete tu. Lakini watu wanalicheza mpaka giza linaingia, kwa sababu kila kete ina gharama na kila kosa linalipiwa. Ukiondoa gharama hubaki na burudani kubwa zaidi. Unabaki na kete za kuchezea watoto. Red Dead Redemption 2 nayo ni ushahidi: kumlisha farasi hakukuwafukuza wachezaji, kuliwafanya wampende.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Inasema mtunzi ana uhuru. Kama mshairi wa Pate aliruhusiwa farasi, kwa nini mtunzi wa Iringa azuiwe? Tunajibu kwamba hakuna anayezuiwa. Tofauti ni kwamba vita anavyosimulia Mwengo ni vya jangwa la kaskazini mwa Arabuni, na huko farasi ni mwenyeji. Mshairi aliwaheshimu wahusika wake kwa kuwapa mnyama wa nchi yao. Mtunzi anayetaka dunia ya kubuni kabisa, yenye majitu na mazimwi, na ampande anayemtaka. Lakini akishaandika jina la Lugalo na mwaka 1891, amefunga mkataba na hadhira. Hadhira ya vijana, ambao huenda hawatafungua kitabu kingine kuhusu tukio hilo, itaondoka na farasi kichwani.

Hitimisho

Katika makala haya tumeona kwamba uhalisia wa farasi katika gemu haupimwi kwa manyoya peke yake. Kuna ukweli wa vipengele, ambao watunzi wameufikia kwa kiwango cha kusifiwa, na kuna ukweli wa mazingira, ambao bado wanausogelea. Tumeona pia kwamba nchi yetu inatoa mtihani ambao gemu nyingi hazijawahi kuufanya, yaani mtihani wa mnyama ambaye ardhi yenyewe ilimkataa.

Kwa hiyo mwenzangu mwanafunzi wa fasihi, ukiombwa kuihakiki gemu ya namna hii, usiishie kusema picha ni kali. Uliza: farasi huyu amekula nini leo? Anaogopa nini? Alifikaje hapa, na alipita mapori gani? Akianguka, nani anachukua mzigo wake? Kazi itakayoyajibu maswali hayo ndiyo yenye uhalisia. Ile itakayoyakwepa, hata kwato zake zitimue vumbi namna gani, imechora farasi bila kuchora nchi anayokanyaga.